Juti Bila Maziwa

Mwaka ule wa maradhi, watu wakiwa wameamriwa kujifungia majumbani, ndipo wakubwa walipoiona nafasi nzuri ya kufunga viwanda vya juti, zile nyuzi za magunia. Nani angeandamana? Tangazo likabandikwa getini, kufuli likatiwa, na bwana mmoja mwenye tai akasema kwenye televisheni kwamba juti ni kitu cha kale, dunia ya leo ni ya nailoni. Akkas Ali, mfanyakazi wa kiwanda kimojawapo, alimsikia akiwa amekaa kitandani na msuli wake, na hajamsahau. Akkas hasahau. Anamkumbuka meneja aliyekuwa akiwahesabia watu dakika za kwenda msalani. Anamkumbuka askari aliyempiga rafiki yake Tofazzel rungu la mgongo siku ya maandamano ya sahani tupu, na kijiji alikotoka askari yule anakijua. "Juti haikufa," huwa anasema. "Iliuawa. Na walioiua tunawajua mpaka majina ya baba zao."

Kwa hiyo siku binti wa Tofazzel aliporudi Khalishpur, mtaa wa viwanda jijini Khulna, na kusema juti ina kazi mpya, Akkas hakuuliza maswali mengi. Alivaa shati safi akaenda kugonga milango.

Binti huyo aliitwa Labanya. Tofazzel alikuwa ameshakufa, lakini alikufa akijua mwanawe amesoma uhandisi, tena uhandisi wa plastiki, jambo lililowafanya majirani wamtanie hadi kaburini: mfumaji wa juti amezaa adui yake. Labanya hakuwa adui. Alikuja na magunia ya punje nyeupe zilizotengenezwa kwa wanga wa mahindi, plastiki ya aina inayooza ikifukiwa. Akaeleza, ndani ya banda walilolifanya karakana, mbele ya wanawake waliokuwa wakisokota nyuzi zamani kiwandani: plastiki hii ni njema ila ni legelege, ikipata joto inalainika, ikigongwa inapasuka. Inataka kutiwa nyuzi. Mnakata juti vipande vifupi, mnachanganya na punje, mnakandamiza kwa moto ndani ya kalibu.

"Kama mabua ya mpunga kwenye tope la ukuta," Akkas alisema.

"Hivyo hivyo, ami. Tope peke yake halisimamishi nyumba."

Akkas alikuwa amesikiliza hotuba nyingi za wasomi maishani mwake na aliyoipenda ni moja, hiyo.

Kitu walichokusudia kutengeneza kilikuwa kikombe cha kuoteshea miche. Aliyekuwa akikitaka ni Subarna Mondol wa Dacope, kiongozi wa kina mama wanaopanda mikoko kwenye tope la nje ya tuta la kuzuia bahari, huko ambako maji ya bahari hula ardhi kila masika. Miche yao ilikuwa ikioteshwa kwenye mifuko myeusi ya nailoni. Siku ya kupanda, kila mfuko uchanwe kwa wembe, huku miguu imezama topeni na maji yanapanda. Vidole vinakatika. Asiyekuwa na muda anapanda na mfuko wake, mzizi unajiviringa humo kama nyoka kwenye chupa, na mti unakufa umesimama. "Kila mwaka tunapanda miti na kila mwaka tunapanda nailoni," Subarna alikuwa amesema. Alitaka kikombe kitakachostahimili kitaluni msimu mzima, kisha kizikwe na mche wake na kumalizikia humo humo.

Sharti lake lilikuwa fupi. Kikishika, kina mama wa tuta lote watakitumia. Kisiposhika, wanarudi kwenye mifuko myeusi, maana bahari haimsubiri mtu ajifunze kazi.

Na banda lile halikuwa na mnunuzi mwingine. Wanawake wale Akkas ndiye aliyewakusanya, mmoja mmoja, mwingine akimrudisha kutoka Dhaka alikokuwa akishona suruali za watu wa nje. Aliwaapia kwamba safari hii juti imerudi kweli. Banda likifa, watatawanyika tena, na safari hii akigonga mlango hakuna atakayefungua.

Vikombe vya kwanza vilitoka vizuri kwa macho, rangi ya chai ya maziwa, nyuzi zikionekana ndani yake. Subarna alivichukua akavijaza tope. Vikapasuka. Havikupasuka vyote hapo hapo, ila vilivyopasuka vilitosha, na vilivyobaki vilipasuka mikononi wakati wa kubebwa. Labanya alikaa na vipande mapajani, amekunja uso. Chuoni alikuwa amejaribu kwa mikono yake mwenyewe, plastiki hii hii, juti ya nchi hii hii, na kikombe kilikataa kuvunjika hata kwa nyundo. Hapa kikombe chenye juti kilikuwa kibovu kuliko kisicho na juti. Alipunguza moto, akaongeza moto. Akabadili urefu wa nyuzi. Ni kama kumbembeleza mtoto ambaye hujui anaumwa wapi.

Akkas yeye alijua anaumwa wapi. Kwa miaka arobaini, kitu kilipoharibika kiwandani, adui alikuwa upande wa pili wa geti, na mara nyingi alikuwa huko kweli. Akatazama nani yuko nje ya geti safari hii, akamwona Gouranga, mkulima aliyewauzia juti.

"Ameiacha majini mpaka ikaoza," akawaambia wanawake. "Amelala, juti imelala, wote wamepitiliza."

Kila mtu wa huku anajua kwamba juti ikikatwa hulazwa bwawani hadi gome lilainike na nyuzi ziachie. Ikitolewa mapema ni ngumu kama kamba ya ng'ombe, ikichelewa inakuwa unga. Tuhuma ilikuwa na mantiki. Akkas akapanda kijigari cha baiskeli hadi kwa Gouranga, na barabara nzima alikuwa akitayarisha maneno yake, maana hotuba bila matayarisho ni kelele. Alimkuta mzee mwenzake amesimama bwawani, maji kifuani, akiosha mzigo mwingine. Akkas alisimama ukingoni akamwaga yote: wakulima waliouza roho zao, wafanyakazi waliosalitiwa, tumbo la mtoto wa mfanyakazi. Bata wa pale walihama.

Gouranga alisikiliza mpaka mwisho. Akachomoa uzi mmoja kwenye mzigo, akapanda ukingoni akichuruzika maji, akauviringisha mara mbili kwenye kidole cha Akkas, ncha ya pili akashika yeye.

"Vuta, kaka."

Akkas alivuta. Uzi haukukatika. Akavuta kwa hasira, ukamchana ngozi, damu ikatoka.

"Ukimpata aliyeoza," Gouranga alisema, "uje uniambie na mimi nimjue." Akarudi majini.

Nyumbani mkewe Moyna alikifunga kidole kwa kitambaa na kumwuliza, kwa jina la mtoto wao, baba Rokeya alikuwa amegombana na kisu gani. Moyna hukaanga bisi za mchele kwenye mchanga wa moto na kuziuza mtaani, na ulimi wake ni kama mchanga huo. Akkas alimwambia sasa ameshajua, tatizo ni punje. Punje zinatoka nje ya nchi. Nani ajuaye wametia nini humo ili juti isisimame tena? Moyna aligeuza bisi zake akasema yawezekana, mabeberu hawana kazi nyingine, wanaamka alfajiri wanauliza Akkas Ali wa Khalishpur anatengeneza kikombe gani.

Akkas alikwenda kulala. Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kufika bandani, kama kawaida, kwa sababu kazi yake ilitangulia kazi za wengine wote.

Ilikuwa kazi aliyokuwa akiifanya kiwandani tangu hajaota ndevu. Juti ikitoka kwa mkulima ni kavu na kaidi, inakwaruza mikono na kupukutisha vumbi linaloziba kifua. Ndiyo maana haiingii mashineni kabla ya kunyweshwa. Akkas alikuwa mkuu wa chumba cha kuinywesha. Huko mafuta ya mashine yalikorogwa na maji na sabuni hadi yakawa meupe mazito, na wafanyakazi waliyaita maziwa. Juti ikanyunyiziwa maziwa, ikalundikwa, ikafunikwa magunia, ikaachwa itoke jasho. Ikifunuliwa inakuwa laini kama nywele za bibi harusi. Pua za Khalishpur nzima zilizaliwa ndani ya harufu ile. Ilikuwa kwenye mashati, kwenye mito ya kulalia, kwenye wali. Kiwanda kilipofungwa, kulikuwa na wazee walioikosa harufu ile kuliko hata mlio wa king'ora.

Hapa bandani Akkas alijipatia kona yake, pipa lake, bomba lake la kunyunyizia. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemkataza. Wanawake walipoiona kona ile siku ya kwanza, wengine walifuta machozi. Kila alfajiri aliinywesha juti, na wakati ule alikuwa mtu aliyeridhika kabisa.

Subarna alikuja siku ya soko, amebeba kapu la vikombe vilivyovunjika. Alikuja kuvirudisha na kusema neno lake la mwisho uso kwa uso, kwa kuwa si mtu wa kuvunja jambo kwa simu. Walimketisha kwenye mkeka. Moyna alikuwa ameleta bisi zilizochanganywa na vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali, chai ikamiminwa. Subarna alizungumza kwa upole. Alisema bamvua, maji makuu ya kupandia, haliko mbali, miche imeshachipua, na kina mama wameamua kununua mifuko. Alisema hana ubaya na mtu. Labanya aliinamisha kichwa. Akkas alianza kusema kuhusu punje na watu wa nje, na sauti ilikuwa inapanda.

Subarna alikuwa ameshika kipande cha kikombe, anakichezea tu kama mtu anayengoja mwenzake amalize. Akakisogeza puani.

"Samahani kaka Akkas. Nilitaka kuuliza siku zote, nikaona aibu. Mbona vikombe vyenu vinanuka kibatari?"

Wanawake walitazamana. Mmoja alichukua kipande akanusa, akampa mwenzake. Havinuki kitu, walisema. Vinanuka juti.

"Juti nimeilaza bwawani tangu utotoni," Subarna alisema. "Juti inanuka bwawa. Hiki kinanuka taa. Mimi nilidhani mnatuuzia kitu cha kupanda, kumbe cha kuwasha."

Labanya aliinua kichwa. Akachukua kipande kilichovunjika, akakitazama ukingoni penye mpasuko, akaushika uzi mmoja uliochomoza kwa kucha mbili na kuuvuta. Ulitoka wote, mzima, safi, bila kung'ang'ania popote, kama mche wa mpunga unavyotoka kwenye tope jepesi. Akavuta wa pili. Nao vilevile. Palipokuwa na uzi pakabaki kitundu.

"Ami," alisema taratibu, "hii juti uliinywesha maziwa?"

Akkas alimtazama kama aliyeulizwa kama wali ulipikwa. "Nani asiyeinywesha juti maziwa?"

Na banda zima lilikuwa upande wake. Bila maziwa itaingiaje mashineni? Itafanyaje kazi? Labanya aliweka kipande chini akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Nimepita kwenye kona ile kila siku," alisema. "Kila siku. Hata sikuiona. Inanuka shati la baba."

Kisha akaeleza, na yalimtosha maneno machache. Maziwa ni mafuta. Plastiki haishiki kitu chenye mafuta, inateleza. Kiwandani juti ilikuwa inakwenda kuwa gunia, uzi unashikana na uzi kwa kusokotwa, mafuta hayadhuru. Hapa uzi lazima uumwe na plastiki, uing'ate nayo iung'ate. Ni kama mtu tumempaka mafuta kuanzia utosini, halafu tunamwambia ashikilie.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Akkas Ali alikuwa amekivaa miaka arobaini. Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alitamani mtu aseme kitu apate wa kumjibu. Alitazama kona yake, pipa, bomba, rundo lililofunikwa magunia likitoka jasho lake la asubuhi hiyo. Alihisi wamemfungia kiwanda mara ya pili, na safari hii hakuna mwenye tai wa kumchukia.

Moyna ndiye aliyeshika birika. Alimwongezea chai akasema, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Baba Rokeya, kumbe beberu ulikuwa unalala naye chumba kimoja mimi sijui. Ningemkaangia bisi."

Kicheko kilianza kwa Subarna, kikaenda mkekani kote, kikamfikia na Akkas. Kilimtoka puani na chai.

Alipojifuta alisema, "Dada Subarna. Kuanzia sasa maziwa yamekwisha. Tupe nafasi moja mpaka bamvua. Tukishindwa, mifuko yenu nitakuja kuichana mwenyewe kwa wembe, topeni, mpaka mche wa mwisho."

Subarna alifikiri. Akasema miche ya kitalu kimoja inaweza kungoja, lakini si zaidi ya hapo, na kwamba wembe atakuja nao yeye mwenyewe endapo kaka atasahau wake.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Labanya alitaka juti isipakwe kitu, na si hivyo tu, ichemshwe kwenye maji ya magadi, kwa sababu hata mmea wenyewe una nta yake na utomvu wake. Baada ya hapo isuuzwe hadi maji yawe maangavu. Akkas alikwenda kwa Gouranga kuomba juti mpya. Alimwambia aliyeoza amepatikana, akajinyooshea kidole, kile kile chenye kitambaa. Gouranga alimlazimisha ale kwanza, wali na dagaa wa bwawani, mpaka sahani ikaisha. Baadaye alisema siku nyingine akija kuhutubia atoe taarifa mapema, ili awafungie bata.

Juti isiyo na maziwa iliwasumbua wanawake. Iliwakwaruza, ikawapigisha chafya, wakafunga pua kwa ncha za sari na kumlaani Akkas kwa majina aliyokuwa hajaitwa tangu siku za mgomo. Ndipo yeye, ambaye juti aliijua ikiwa hai na ikiwa imekufa, akawaambia wasiikate kavu. Waikate ikiwa bado mbichi kutoka kwenye magadi, imelainika kwa maji matupu, vumbi halitakuwepo. Labanya akasema sawa, lakini isiingie kalibuni na unyevu hata kidogo, itatoa mvuke na kuacha mapovu ndani ya plastiki. Wakabaki na swali la kukausha juti katikati ya masika ya Khulna, ambako hata chumvi hulia kwenye kopo.

Moyna alisikiliza ubishi ule siku nzima. Jioni alimaliza kukaanga bisi zake, akaacha mchanga ndani ya jungu, moto ukiwa umebaki makaa, akatandika ungo juu yake na kumwaga juti iliyokatwa.

"Bisi zangu hazijawahi kulowa," alisema. "Ila atakayeniunguzia ungo atanifumia mwingine."

Tangu hapo jiko la Moyna lilikuwa sehemu ya banda. Vikombe vilivyotoka havikuwa vizuri kama vya kwanza. Vilikuwa vyeusi kidogo, vikavu, vya sura ya kawaida. Labanya alipovunja kimoja, na ilibidi akipige dhidi ya nguzo mara nyingi, nyuzi zilizokuwa kwenye mpasuko zilikatika zenyewe pale pale, kipande kimoja kila upande, zimeng'ang'ania. Alimpa Akkas avute. Alivuta kwa kucha, kisha kwa meno.

"Haitoki," alisema. Akarudia kusema, kwa sauti ndogo, "Haitoki mshenzi huyu."

Bamvua lilipofika Akkas na Labanya walikwenda Dacope pamoja na mzigo. Labanya alikuwa na woga, akataka kueleza namna ya kubeba. Subarna hakumsikiliza. Kina mama wa tuta wana namna yao: wanajipanga mstari kuanzia kitaluni juu ya tuta hadi chini topeni, na miche inarushwa mkono kwa mkono, kikombe kimejaa udongo mzito wa maji, huku wanasutana na kutaniana. Mfuko wa nailoni huwa unapasuka mmoja katika kila mirusho michache, na anayepasukiwa hutukanwa.

Walianza polepole, kisha kasi yao ya siku zote ikarudi. Kikombe kimoja kilimponyoka msichana, kikagonga matofali ya tuta, kikabiringika hadi majini. Mstari ulisimama. Aliyekuwa chini alikiokota, akakizungusha, akatikisa maji kwenye majani ya mche. Akampa wa pembeni, na mstari ukaendelea. Subarna alimtazama Labanya mara moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Baadaye kidogo, pasipo kugeuka, aliagiza vikombe vya tuta lote.

Akkas alikuwa amekunja msuli, amezama topeni mpaka magotini. Hakuwa amealikwa huko. Alitaka tu kuona mwenyewe kinavyozikwa kizima, bila wembe. Aliingiza kikombe shimoni, akakifunika tope kwa viganja, akapapasa ukingo wake chini ya tope. Alifikiria kwamba mwaka ujao hakitakuwepo, wanga utakuwa umeliwa na juti itakuwa imerudi udongoni ilikotoka, na mzizi utakuwa umepita. Vitu alivyotengeneza maishani vilidumu, magunia yaliyozunguka dunia na nembo ya watu wengine mgongoni. Hiki cha sasa kazi yake ilikuwa kushika kwa muda na kuachia. Aliona ni kazi nzuri. Alimfikiria bwana yule wa tai, akamtakia maisha marefu ili ayaone haya, na akasimama kunyoosha mgongo.

"Kaka Akkas," Subarna aliita kutoka upande wa pili. "Mche wako umelala."

"Haujalala. Unaegemea."

"Mti hauegemei, kaka. Mkutanoni ndiko watu huegemea upande. Ung'oe, upande tena."

Kina mama walicheka mstari mzima. Akkas Ali, aliyekuwa hajawahi kuamriwa na meneja yeyote bila kubisha, aliinama, akakitoa kikombe topeni kizima kama alivyokiweka, akachimba shimo jingine.